Taa ilikuwa inawaka, samaki wakaharibika

Usiku ule nilimpigia simu mlinzi wangu wa Igombe, Mwanza, anakolinda chumba changu cha baridi cha samaki, mara mbili, na mara zote alinijibu, "Umeme upo, bosi." Alisema kweli. Taa ya kibandani kwake ilikuwa inawaka. Ila fezi moja kati ya tatu, yaani mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme, ilikuwa imekatika na kompresa, mashine inayopoza chumba, imezima, huku taa yake ikiwa kwenye fezi iliyobaki nzima. Asubuhi nilipofungua chumba cha baridi, kipimajoto kilisoma nyuzi 14. Sehemu kubwa ya sangara waliokuwa mle ni mali ya akina mama watatu wa mwaloni Kirumba walioniamini na mtaji wao. Kuwaeleza ilikuwa kazi nzito kuliko kulipa.

Kama una chumba cha baridi, mashine ya barafu au pampu iliyo mbali na unapolala, nakuomba uanzie hapa: usipime umeme, pima kile unachoogopa kukipoteza. Mimi naogopa kupoteza samaki, kwa hiyo napima joto lao.

Natumia sensa ya joto ya DS18B20 ya kuzamishwa, iliyounganishwa na mtambo mdogo unaotuma meseji kwenye simu joto likipanda. Sensa hiyo ni bei nafuu na huweza kupishana na ukweli kwa nusu nyuzi. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye bilauri ya barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, subiri. Inatakiwa isome sifuri au karibu yake. Usiijaribu kwa maji yanayochemka ukitegemea 100, maana Ziwa Victoria letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi.

Mwanzoni niliining'iniza hewani tu. Siku ya kupakia mzigo mlango unafunguliwa kila dakika, hewa inapanda joto, simu inalia. Meseji 11 kwa siku moja! Haikupita wiki, hakuna aliyekuwa anazisoma, mimi nikiwemo. Sasa naitia sensa ndani ya chupa ndogo ya gliserini katikati ya makreti. Chupa inapoa na kupata joto polepole, kwa mwendo unaokaribia ule wa samaki mwenyewe. Kengele nimeiweka kwenye nyuzi 4, na hailii mpaka joto likae juu ya hapo dakika 20 mfululizo. Tangu hapo ikilia, tunaamka.

Lakini kilichonichukua muda mrefu kukielewa ni ukimya. Mtambo unaotuma meseji siku ya hatari tu, ukifa wenyewe utajuaje? Kimya cha usalama na kimya cha kifo vinafanana. Wangu unatuma salamu saa 12 asubuhi na saa 12 jioni: joto, hali ya umeme, hali ya betri. Salamu isipofika, nampigia mlinzi kabla sijanywa chai, na simwulizi kama umeme upo. Namwambia aende akasome kipimajoto.

Mtambo lazima uwe na betri yake peke yake, kwa sababu saa unayoihitaji zaidi ndiyo saa ambayo umeme haupo. Moduli ya SIM800L, kile kipande cha mtambo kinachobeba laini na kutuma meseji, inapotuma hufyonza hadi ampea 2 kwa mpigo mmoja. Ukiilisha kwa chaja dhaifu ya simu itajizima na kuwaka usiku kucha, nawe utalaumu mtandao bure. Nimeweka kapasita ya maikrofaradi 1,000, inayotunza umeme kidogo wa kutoa kwa ghafla, karibu kabisa na moduli, tatizo likaisha. Na laini isajiliwe kwa jina lako, si la kijana wa kazi. Akiondoka, anaondoka na kengele yako. Bando nalo linaisha, liandikie tarehe ukutani.

Kila dakika 5 kipimo kinaandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu, 288 kwa siku, mtandao uwepo usiwepo. Wengi hulipuuza hili, na mimi nalipenda kuliko kengele yenyewe. Mwaka jana niliona kwenye grafu kwamba chumba kinachukua muda mrefu zaidi kupoa kila wiki, ingawa kengele haikulia hata mara moja. Fundi friji alipofungua kondensa, sehemu inayotoa joto nje, akakuta wale wadudu wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi, wamejaa katikati ya mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kutolea joto. Tukaosha kwa maji na brashi laini, kompresa ikapumua.

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi nachomoa sensa, naishika kiganjani kwa nusu saa, nasubiri simu zote tatu zinazopokea kengele zilie. Mwezi uliopita zililia mbili. Ya tatu, mwenyewe alikuwa amebadilisha namba. Tukaiandika mpya palepale, nikaishika sensa nusu saa nyingine.