Barua kwa binti yangu: zile Spider mbili

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Picha nimezipata zote. Unauliza kwa nini hiyo Alfa Romeo Spider nyekundu ya 1967, gari la Kiitalia la paa la kitambaa, inauzwa ghali kuliko ya kijani ya 1973, ilhali ya kijani ndiyo yenye injini kubwa, na unataka nikuambie uchukue ipi.

Bei iko kwenye mkia. Nyekundu ni toleo la kwanza, lililoonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva mwaka 1966, ambalo watu huliita Duetto. Nyuma yake inateremka taratibu mpaka inaishia kwa mviringo. Ni kazi ya Pininfarina, kampuni ya kubuni maumbo ya magari, na mwanzilishi wake, mzee Battista, alifariki mwaka huohuo, kwa hiyo inahesabiwa miongoni mwa kazi zake za mwisho. Mkia ule ulidumu mpaka 1969 tu, ndiyo maana wanaoutafuta wanalipa. Sikulaumu ukiupenda, nilipokuwa gereji kule Milano, ikiingia moja tulikuwa tunaweka spana chini tuitazame kwanza.

Baada ya hapo nyuma ikakatwa wima, buti likaongezeka nafasi. Injini ni za ukoo mmoja: silinda nne, kamshafti mbili juu (mihimili inayofungua vali), bloku ya alumini, na cheni badala ya mkanda. Nyekundu ina cc 1570, kijani cc 1962. Zote zina gia tano na breki za diski magurudumu yote manne.

Wewe unataka gari la kuendesha, si la kufunika turubai. Chukua ya kijani, mradi sakafu yake iwe kavu.

Rangi inayong'aa isikubabaishe. Spider haziuawi na injini, zinauawa na kutu. Maji hupenya kwenye paa la kitambaa, yakatuama chini ya zulia. Inua zulia upande wa dereva, bonyeza bati kwa kidole gumba. Kisha chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa usije ukakwaruza rangi, uipitishe kwenye kizingiti chini ya mlango, toka gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Ikiwa inashika, halafu mahali fulani inaachia ghafla, hapo pana puti, ule udongo wa kuziba matundu kabla ya kupaka rangi, bati limeshaliwa. Muulize mwenyewe kumefukiwa nini. Akianza kukuonyesha rimu badala ya kukujibu, muage.

Mwambie mapema asiwashe gari kabla hujafika. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Ukiona utando wa oili juu ya maji, gasketi ya silinda hedi inapitisha, na hiyo si kazi ya siku moja. Halafu endesha. Gia ya pili kukwaruza kidogo asubuhi ni kawaida ya hizi Alfa, usiogope. Ila ikiendelea kukwaruza hata gari limeshapata moto, giaboksi inataka kufunguliwa, na bei lazima ishuke.

Omba na risiti za oili. Aliyelitunza atakuwa nazo, tena atafurahi kuulizwa.

Nipigie simu ya video ukiwa hapohapo, unielekezee kamera kwenye vizingiti, kabla hujatoa hata senti ya advansi.

Baba yako