Fokasi ya kitufe cha nyuma kwa picha za ndege wa ziwani

Ndugu, nimekuelewa: unapompiga picha mdiria anayeelea hewani pale Capri Point, Mwanza, kila ukibonyeza kitufe cha kupigia picha, fokasi (yaani mahali kamera inapolenga ili paonekane wazi) inahamia kwenye magugu maji. Kitufe hicho kinafanya kazi mbili, kuweka fokasi na kupiga picha, nawe unapaswa kuzitenganisha. Katika menyu ya vitufe, kiondolee kazi ya fokasi na uikabidhi kwa kitufe cha nyuma cha AF-ON (kama hakipo, kamera nyingi za Canon hutumia kile chenye alama ya nyota), kisha uchague fokasi endelevu, ambayo Nikon na Sony huiita AF-C. Ukikishikilia kitufe hicho cha nyuma kwa kidole gumba, kamera humfuata ndege; ukikiachia, fokasi hubaki ilipo, jambo linalofaa sana kwa Jiwe la Bismarck, mwamba wa pale ziwani usiosogea. Ukiwa ndani ya mtumbwi, usikiachie, kwa sababu umbali hubadilika kila wimbi linapopita. Mbinu hii haiponyi ukungu wa mwendo, ule unaotokea kitu kikisogea wakati picha inapigwa, hivyo kwa mabawa anza na kasi ya shata ya 1/2000 ya sekunde. Mimi nilimwazima shemeji kamera bila kumweleza kuhusu kitufe cha nyuma, akarudi na harusi nzima yenye ukungu. Ikiwa hata kitu kilichotulia, kamera ikiwa juu ya tripodi, bado hakionekani vizuri, mpelekee fundi aikague lenzi.