Kabla Hujawasha Projekta Kwenye Kipindi cha Kalkulasi

Mara ya kwanza kufundisha kalkulasi kwa kompyuta pale chuoni, niligeuza kipindi kuwa sinema. Nilifungua GeoGebra, programu ya kuchora grafu, nikachora y = x², nikaiburuta nukta na tanjenti, yaani mstari unaoigusa grafu kwenye nukta hiyo, ikaserereka juu ya grafu. Darasa likapiga makofi. Wiki mbili baadaye, kwenye testi, nikauliza mteremko wa grafu ileile pale x = 3. Nilichorewa picha nzuri sana. Jibu, yaani 6, wachache mno walilipata.

Siku hizi tunaanza na karatasi. Kila mwanachuo anakokotoa kwa mkono mteremko wa mstari unaounganisha nukta mbili za grafu hiyo ya x², pale x = 1 na x = 1 + h, h ikiwa ni hatua ndogo: h ikiwa 0.1 anapata 2.1, ikiwa 0.01 anapata 2.01. Kisha anaandika, kwa peni, anachodhani kitatokea h ikizidi kupungua. Ndipo tunaingia chumba cha kompyuta. Mtu aliyekwisha kubashiri haangalii skrini kivivu, anataka kujua kama amepatia.

Na kompyuta ikikosea, usikimbilie kuificha. Mwanachuo mmoja alikuwa na jedwali lake la Excel, akaona mimi namchelewesha, akaandika h = 1E-16, yaani 0.0000000000000001. Jibu likaja 0. "Mwalimu, hii mashine imeharibika!" Haikuharibika. Kompyuta hutunza tarakimu 15 au 16 hivi tu, kwa hiyo 1 + h kwake ilibaki 1, kiasi, yaani namba ya juu ya sehemu ya kukokotoa mteremko, kikawa 0. Tukarudi ubaoni, tukairahisisha sehemu hiyo kwa aljebra hadi 2 + h, na kwa mara ya kwanza nikaona vichwa vikitikisika nilipowaambia kikomo, yaani thamani inayokaribiwa h ikizidi kupungua, si kuchomeka namba ndogo sana. Miaka yote madesa yangu yalikuwa yakilisema hilo, bila mafanikio.

Kuhusu vifaa sina mengi. GeoGebra, iliyoanzia Salzburg, Austria, kama kazi ya masomo ya Markus Hohenwarter, ni bure kwa mwanafunzi na ukishaisakinisha haili bando. Kompyuta zikiwa chache, wakae watatu watatu, na anayeshika mausi asiruhusiwe kuamua; yeye anatekeleza wanachoagiza wenzake. Msipobadilishana, fundi mmoja atafanya yote na wawili watachati.

Badilisha pia maswali. Ukisema "tafuta", simu itawatafutia. Mimi nawapa grafu ya mteremko, wao wachore ilikotoka.

Au wape grafu ya |x|, yaani x bila alama yake ya hasi. Waikuze pale kwenye 0 kadiri wapendavyo: x² itanyooka kama rula, ila kona ya |x| haiondoki. Muhula uliopita kipindi kiliisha wakiwa bado wanabishana kama kona ile ina tanjenti moja, mbili au haina kabisa. Nilikunja laptop yangu nikawaacha na chaki.