Jibu: dola 250 usitoe, na hiyo 66% yako itafutie watu wanaoielewa

Mdogo wangu, umeandika kwamba umemaliza lisansi (digrii) UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa asilimia 66, uko mwaka wa pili kazini, na kuna bwana mmoja mjini anadai dola 250 ili "aingize jina lako" kwenye ufadhili wa serikali ya Uturuki. Halafu ukauliza: "Yaya (mkubwa wangu), nilipe?"

Usilipe, nakuomba sana. Maombi ya Türkiye Bursları, ndio huo ufadhili wa Uturuki, ni ya bure, na mwombaji anajaza mwenyewe mtandaoni, kwa kawaida kuanzia tarehe 10 Januari hadi 20 Februari. Hakuna orodha ya Lubumbashi iliyo mfukoni mwa mtu. Tena masharti yao wameyaweka wazi: anayeomba masta awe chini ya miaka 30 na awe na angalau asilimia 75. Wewe una 66. Kama huyo bwana anaijua kazi yake, basi anajua kwamba huko hupiti, na bado anataka pesa. Mimi niliwahi kutoa dola 180 kwa mtu wa namna hiyo. Zilikuwa za mama mdogo, zamu yake ya likelemba, yaani upatu. Sikupewa hata risiti. Kukataliwa nilikusahau zamani, lakini zile pesa za mama mdogo hadi leo zinaniuma.

Sasa hiyo 66. Naona umeiandika kama mtu anayeomba radhi, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kwetu alama hazitoki ovyo. Mwaka wetu Kasapa, kwenye kampasi ya UNILU, aliyeongoza darasa alikuwa na 73, na mtaa mzima ulijua. Ukifika 70 uliitwa "distinction", chini yake ilikuwa "satisfaction", na wengi wetu tulitoka na hiyo ya pili baada ya kukesha miaka mitano. Ngazi hizi tulizirithi kwa Wabelgiji, ndio maana Mbelgiji akiona 14 juu ya 20, yaani asilimia 70, haulizi kitu, kwa sababu hata kwao hiyo ni alama ya mtu aliyesoma. Lakini ukiipeleka karatasi hiyohiyo kwenye nchi ambako mwanafunzi wa kawaida anapata 85, wataona mvivu. Kwa hiyo nenda kwenye sekretarieti ya fakultati yako, uombe barua fupi inayoeleza ngazi za alama na nafasi yako darasani: wa ngapi kati ya wangapi. Nenda mapema, maana yangu niliifuatilia wiki saba. Pale ambapo binadamu anasoma faili, barua hiyo inafanya kazi kubwa. Pale penye kiwango kilichofungwa, kama hicho cha 75, haisaidii, usipoteze muda.

Mimi nilipitia Ubelgiji, kwa ufadhili wa ARES, chombo kinachounganisha vyuo vikuu na taasisi za juu za upande wa Wabelgiji wanaozungumza Kifaransa. Pesa ni za serikali yao, za ushirikiano wa maendeleo, na Congo imo kati ya nchi wanazoshirikiana nazo. Masta zao za ubobezi ni za mwaka mmoja, kwa Kifaransa, na wanataka mtu aliyekwisha kufanya kazi kama miaka miwili baada ya diploma. Hapo umeona? Ile kazi unayodhani inakuchelewesha ndiyo inayokupeleka.

Mwaka wa kwanza walinikataa. Barua yangu ya motisha ilijaa shida: baba hana kazi tangu kampuni ipunguze watu, sisi ni tisa nyumbani, nimeteseka kusoma. Yote kweli. Lakini niliyekuwa nawaandikia alikuwa anauliza swali lingine kabisa: ukisoma hiki, kitarudi vipi Lubumbashi? Serikali haitoi ufadhili wa aina hii kwa huruma. Inataka chuo na chuo, ofisi na ofisi, viendelee kufanya kazi pamoja baada ya wewe kurudi. Wamarekani wamefikia hatua ya kuliweka kwenye viza: anayekwenda na Fulbright, ufadhili wa serikali yao, anatakiwa arudi kwao miaka miwili kabla ya kuomba kuhamia kule.

Mwaka wa pili niliandika juu ya mvua. Nilieleza jinsi maji yanavyoingia nyumba za Katuba, hapa Lubumbashi, kila masika, mfereji upi umeziba, idara ninayofanya kazi inakosa utaalamu gani, na somo gani katika ile masta ya usimamizi wa hatari na maafa litanifunza kuchora ramani ya sehemu zinazofurika. Umaskini sikuutaja hata mara moja. Mkuu wangu wa kazi akaandika barua kwamba nafasi yangu inanisubiri. Nikaitwa, nikasoma Liège, huko Ubelgiji, nikarudi kwenye meza ileile.

China nayo iangalie, kwa masta wanataka uwe chini ya miaka 35. Wanalipa ada, malazi na yuani 3,000 kwa mwezi, ila nauli ya ndege mara nyingi ni juu yako, na ukisoma kwa Kichina unaanza na lugha kwanza. Piga hesabu ya tiketi kabla ya kufurahi.

Jambo la majina sasa, maana limewaangusha wengi. Sisi tuna jina, postinomu (jina la pili) na prenomu (jina la kwanza, kama la ubatizo), lakini fomu zao zina visanduku viwili tu. Fuata pasipoti herufi kwa herufi, popote, kila mara. Mimi fomu moja niliweka postinomu upande wa prenomu, nyingine upande wa jina, nikaonekana watu wawili, ikabidi nitafute hati ya kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja.

Hukusema unafanya kazi gani. Andika ukurasa mmoja juu ya tatizo moja unalokutana nalo hapo kazini, ubandike hapa. Jumapili baada ya misa nitakaa nalo.