Mbudya au Bongoyo kwa mkazi wa Dar?

Dada, umeuliza kama visiwa vya Dar ni vya watalii tu. Hapana, tena sisi kiingilio chetu ni nafuu kuliko cha mgeni, ila beba kitambulisho cha NIDA usije ukaanza kubishana getini.

Mimi napendelea kisiwa cha Mbudya. Boti unapandia Kunduchi, safari haizidi nusu saa, na ufukwe wake unaotazama bara una maji matulivu hata kwa watoto. Kuna vibanda vya makuti na samaki wa kukaanga na chipsi. Agiza samaki ukifika tu, maana ukisubiri njaa ikubane, utakula saa kumi! Jumapili pamejaa kama Kariakoo. Ukiweza kuiba siku ya katikati ya wiki, iba.

Bongoyo (boti zake ziko Msasani, Slipway) ina njia ya kutembea msituni, inafaa asiyependa kulala mchangani siku nzima.

Kabla ya kwenda uliza maji yanajaa saa ngapi. Yakipwa sana utatembea juu ya matumbawe, kwa hiyo chukua viatu vya plastiki. Miezi ya upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka mchana, basi ondoka mapema. Jaketi la kuokolea livae, usilikalie.

Na makombe usiokote, ni hifadhi ile.