Kompyuta ya safari katika gari la spoti la zamani: Fundi anawajibu wasomaji

Mwezi huu zimenifikia barua tatu, zote kutoka kandokando ya ziwa letu na zote zikiuliza jambo moja kwa namna tofauti: gari lililotengenezwa kabla ya dashibodi kujaa vioo vinavyohesabu linaweza kupewa kompyuta ya safari bila kuharibiwa? Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa ndiyo yenye kazi kubwa.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina Eunos Roadster ya mwaka 1992, injini ya lita 1.6, niliyoachiwa na mjomba wangu. Ningependa inionyeshe petroli inayotumika, wastani wa mwendo, na kilomita zilizobaki kabla tangi halijakauka. Fundi umeme mmoja ameniambia atafute dashibodi ya gari jipya aipachike, ila itambidi akate nyaya nyingi. Nikubali? Msomaji wa Nyakato, Mwanza.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikubali. Dashibodi ya gari jipya yenyewe haipimi karibu kitu chochote, bali hukaa ikisubiri ujumbe kutoka kwa kompyuta nyingine za gari lake, na gari lako halina hata moja inayoweza kuutuma ujumbe huo. Utabaki na kioo kizuri kisichosema lolote, na nyaya zilizokatwa ambazo hakuna atakayezirudisha kama zilivyotoka kiwandani.

Kompyuta ya safari inahitaji kujua mambo mawili tu, yaani petroli kiasi gani imeingia kwenye injini na gari limekwenda umbali gani, kwa kuwa wastani wa matumizi na kilomita zilizobaki hupatikana kwa kuzidisha na kugawanya, na wastani wa mwendo hudai saa tu juu ya umbali. Gari lako tayari lina ishara zote mbili. Kinachokosekana ni wa kuzisoma.

Tuanze na petroli. Kila nozeli, yaani kile kinachonyunyizia petroli kwenye injini, hupata umeme wa volti 12 muda wote ufunguo ukiwa umewashwa, na kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, huifungua kwa kuunganisha upande wake wa pili na bodi ya gari, yaani upande hasi wa betri. Waya huo wa upande wa pili ndio tunaoutaka: ukiupima utaona volti 12 nozeli ikiwa imefungwa, na karibu sifuri ikiwa wazi. Kwa kuwa shinikizo la petroli hudhibitiwa, muda ambao nozeli imekaa wazi ndio kipimo cha petroli iliyopita. Chukua mfano wa nozeli nne ambazo kila moja, ikiachwa wazi mfululizo, hupitisha mililita 200 kwa dakika. Zikiwa wazi asilimia 10 ya muda, injini inapata mililita 80 kwa dakika. Ukiwa unakwenda kilomita 60 kwa saa, dakika moja ni kilomita moja, hivyo unatumia mililita 80 kwa kilomita, sawa na kilomita 12.5 kwa lita.

Hesabu ingeishia hapo kama nozeli ingefunguka papo hapo, lakini ni sumaku inayovuta sindano, na hupita karibu milisekunde moja kabla petroli haijaanza kutoka. Kwenye barabara kuu kosa hilo ni dogo, bali gari likiwa limesimama linanguruma kwenye foleni ya Buzuruga, kompyuta ya injini inaweza kuwa inaamuru milisekunde 2.5 tu. Ikiwa 0.8 kati ya hizo hupotea bure, kifaa kisichozitoa kitakudai petroli karibu mara moja na nusu ya ile uliyotumia. Kwa sababu hiyo, usinunue wala usitengeneze kifaa kisichokuruhusu kuingiza muda huo wa kuchelewa. Mradi wa MPGuino, ambao michoro yake iko wazi kwa kila mtu na hutumia kibao kidogo cha kompyuta kiitwacho Arduino, ulibuniwa hasa kwa ajili ya magari ya aina hii, na kijana aliyesoma umeme hata kidogo anaweza kuujenga mezani.

Jihadhari na jambo moja ambalo limeshaunguza vibao vingi. Nozeli inapofungwa, koili yake hurusha umeme wa makumi ya volti kwenye waya uleule unaousoma. Kabla ishara haijaingia kwenye kibao, ipitishe kwenye rezista ya kiloomu 10 au zaidi, kisha dayodi ya zena ya volti 5.1, inayozuia volti zisipande zaidi ya hapo, iliyofungwa kuelekea bodi ya gari. Vitu hivyo viwili bei yake haifiki hata nauli ya bodaboda ya kurudi dukani kununua kibao kingine.

Upande wa umbali, gari lako lina bahati. Spidi mita yake huzungushwa na kebo kutoka kwenye giaboksi, na ndani yake mna swichi ndogo ya sumaku inayoipasha habari kompyuta ya injini. Kwa kipimo cha Kijapani, kebo huzunguka mara 637 kwa kila kilomita, na swichi hiyo hutoa mapigo manne kwa mzunguko, yaani mapigo 2,548 kwa kilomita. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Ukibadili taili, nayo hubadilika: taili ya 205/50 R15 mduara wake unazidi ule wa 185/60 R14 ya kiwandani kwa takriban asilimia 1.5, kwa hiyo kilomita zako zitakuwa ndefu kuliko zinavyohesabiwa. Linganisha na simu yenye GPS kwenye kipande cha zaidi ya kilomita 10, kwa mfano kutoka Igoma kwenda Magu, huku mwenzako akiishika simu na wewe ukishika usukani.

Kuhusu kuunganisha, hakuna waya wa kiwandani unaopaswa kukatwa. Mwambie fundi achune ganda la waya karibu na kontroli boksi kwa urefu usiozidi kucha, azungushie waya mwembamba, alehemu kwa risasi, kisha afunike vizuri. Vile vibanio vya plastiki vinavyouma waya kwa koleo ni vya haraka, lakini kwa unyevu huu wa ziwani shaba yake hugeuka kijani, na siku ikifika utafukuza hitilafu isiyoonekana. Nyaya za sensa ya joto la maji usiziguse kabisa. Kifaa kinachonyonya umeme kidogo tu hapo hushusha volti, kompyuta ya injini ikadhani injini ina joto kuliko lilivyo, ikapunguza petroli, na asubuhi gari likagoma kuwaka. Ukitaka kuona joto la maji, weka sensa yako ya pembeni.

Umeme wa kifaa uchukuliwe kwenye mstari unaokufa ufunguo ukitolewa, na uwe na fyuzi yake ya ampea 1. Nalisisitiza hili kwa sababu betri ya gari lako, ile inayokaa kwenye buti, ni ndogo. Kifaa cha miliampea 50 kikiachwa kimewashwa usiku na mchana hula zaidi ya ampea-saa 1 kwa saa 24, na ukisafiri kwa majuma mawili utakuta kimekula karibu ampea-saa 17. Hakikisha tu kifaa chako huhifadhi namba za safari kwenye kumbukumbu hata bila umeme.

Sasa kazi inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayotofautisha kipimo na pambo. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, usiongeze hata tone. Nenda Musoma kwa kupitia Lamadi na Bunda, urudi, ujaze kwenye kituo kilekile, pampu ileile, mpaka ikate yenyewe tena. Tuseme kifaa kimesema umetumia lita 33 na pampu imetoa 35.2. Gawanya 35.2 kwa 33, utapata 1.067, na uzidishe kwa hiyo kiasi cha nozeli, zile mililita kwa dakika, ulichoingiza kwenye kifaa. Rudia mara tatu, kwa kuwa pampu nayo hukata mapema au kuchelewa. Baada ya hapo fanya tangi moja la mjini peke yake. Likitofautiana sana na la safari, kosa halimo kwenye kiasi cha nozeli bali kwenye ule muda wa kuchelewa. Kuhusu kilomita zilizobaki, usitegemee boya la tangi, maana kwenye milima ya Isamilo petroli huegemea upande mmoja na namba ikaruka hovyo. Ni afadhali kifaa kitoe lita zilizotumika kwenye lita 45 za tangi, nawe ukibonyeze kianze upya kila unapojaza.

Utakapoanza kukitumia, kuna jambo litakalokushangaza. Ukishuka kutoka Bugando gari likiwa kwenye gia na mguu umeondoka kwenye mafuta, kifaa kitaonyesha sifuri, nawe utadhani waya umekatika. Haujakatika, kwani katika hali hiyo kompyuta ya injini hufunga nozeli zote. Wale wanaotoa gia wakiteremka ili wabane petroli ndio wanaoitumia, kwa sababu injini iliyoachwa huru lazima ilishwe isizimike, na juu ya hilo wanazipa breki mzigo wote.

Mwisho, kuhusu kioo. Gari lako hufunguliwa paa, na kioo chenye kung’aa ambacho dukani kilikupendeza hakitasomeka saa saba mchana pale Capri Point. Chagua kile cha namba nyeusi zinazosomeka kwa mwanga wa jua lenyewe, na ukifiche kwenye kisanduku cha dashibodi unapoegesha, kwani joto la juu ya dashibodi hupita nyuzi 60 na vioo hivyo huwa vyeusi tii. Wapo watakaokushauri kidude cha plagi ya matundu 16 kinachosoma kompyuta ya gari na kuzungumza na simu. Utaratibu huo, uitwao OBD-II, ulianza kuwa wa lazima Marekani kwa magari ya mwaka 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli mwaka 2001. Gari lako la 1992 halina hata tundu la kukichomeka. Na wenye magari ya Kijapani ya mwishoni mwa miaka ya 1990 nao wasikimbilie kununua, kwa sababu mengi yana tundu hilohilo lakini yanasema lugha ya kiwanda chao peke yake, na kidude huingia vizuri kisha kikakaa kimya.

SWALI: Nina BMW E30, 325i ya milango miwili ya mwaka 1988. Mahali pa kompyuta pana saa tu. Nimepata kompyuta yenye vitufe 13 kutoka gari lililovunjwa. Je, ni ya kuchomeka tu? Msomaji wa Musoma.

JIBU: Ndugu yangu, wewe umeshafika nusu ya safari, kwa kuwa gari lako lilibuniwa lipokee kifaa hicho. Tazama sindano ndogo ya matumizi ya petroli iliyo chini ya kipimo cha mizunguko ya injini: ikicheza unapokanyaga mafuta, ishara ya petroli imeshafika kwenye dashibodi, na ya mwendo hutoka kwenye sensa iliyo kwenye difu. Kwa yule aliyekuuzia kompyuta, rudi ukachukue pia mkono wa indiketa wenye kitufe cha BC kwenye ncha yake, sensa ya joto la nje inayokaa kwenye njia ya hewa ya breki za mbele, na fungu zima la nyaya likiwa na plagi zake, kwa kuwa kuunganisha waya mmoja mmoja kwa kukisia rangi ni kazi ya kujutia.

Kabla ya hayo yote, toa dashibodi uangalie betri ndogo zinazolisha taa za kukumbusha sevisi. Zimekaa humo karibu miaka 40, na zikivuja huila sakiti inayopeleka ishara hizo unazozitaka. Zibadilishwe kwanza. Hakikisha pia kuwa plagi ndogo ya utambulisho iliyo nyuma ya dashibodi ni ya injini yako ya silinda sita. Ukiweka ya silinda nne, kipimo cha mizunguko na cha petroli vyote vitasema uongo. Kitufe cha CODE usikichezee, kwani kazi yake ni kuzuia gari lisiwake mpaka uingize namba ya siri.

SWALI: Ninayo Datsun 240Z ya kabureta mbili. Naweza kuipa kompyuta ya petroli? Msomaji wa Bukoba.

JIBU: Mzee wangu, shikamoo, maana mwenye gari hilo lazima amenizidi umri. Kabureta hazina nozeli ya kusikiliza, hivyo ingebidi ukate mpira wa petroli uweke kipima mtiririko juu ya injini yenye moto, na kama petroli iliyozidi hurudi kwenye tangi, utahitaji vipima viwili ili utoe kimoja kwenye kingine. Mimi siwezi kukushauri hilo.

Gari lako ni la ukoo ulioshinda East African Safari mwaka 1971 na 1973, na wasoma ramani wa enzi zile walikuwa na kompyuta ya safari isiyotumia sakiti yoyote, iitwayo Halda Tripmaster, iliyotengenezwa Uswidi. Huzungushwa na kebo ya spidi mita na kuhesabu umbali kwa gia ndogo, ikikaa vizuri kabisa kwenye dashibodi ya zama zake. Ukiipata, uliza kwanza gia za kubadilisha uwiano zinazokwenda nayo, kwa sababu bila ile inayolingana na taili na difu yako, kilomita zake hazitakuwa za barabara ya Bukoba.