Je, pweza ameuangusha uyakinifu?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Tumefundishwa kwamba kwa wayakinifu, yaani wanaosema kuwa vyote vilivyopo, hata akili, ni vya kimaumbile, maumivu si kitu kingine ila msisimko wa nyuzi C za neva. Mwenzangu akauliza: na pweza je? Ubongo wake haufanani na wetu, lakini anaumia. Je, hapo uyakinifu wote haujaanguka? (Mwanafunzi wa falsafa, mwaka wa pili)

Jibu: Marahaba. Mwenzako yuko na mwanafalsafa Hilary Putnam, ambaye mwaka 1967 alimtumia pweza huyohuyo. Ila hoja hiyo hailengi uyakinifu wote. Inalenga tawi moja, lile lisemalo kwamba kila aina ya hali ya akili ni aina fulani ya hali ya ubongo.

Tawi hilo lilipata nguvu Adelaide, Australia, kupitia wanafalsafa U.T. Place (1956) na J.J.C. Smart (1959). Walidai kuwa hisia ni michakato ya ubongo kwa namna ileile ambayo radi ni umeme: si mambo mawili yanayoandamana, ni jambo moja. Zile nyuzi C zilikuja kuwa mfano wa darasani tu, na mfano mbovu kwa kweli, maana hazimo hata ndani ya ubongo. Zimetandaa mwilini na hupeleka habari polepole, kama mita moja kwa sekunde. Ukijikwaa kidole, ule mchomo wa kwanza huletwa na nyuzi nyingine zenye kasi. Maumivu mazito yanayofuata ndiyo ya nyuzi C.

Sasa pweza. Ana niuroni (seli za neva) zipatazo milioni 500, na nyingi ziko kwenye minyiri, si kichwani. Ikiwa anaumia kweli, basi maumivu hayawezi kuwa sawa na kitu kilichomo kwenye ubongo wa binadamu peke yake. Putnam akahitimisha kuwa kinachofanya hali fulani iwe maumivu ni kazi inayofanya: husababishwa na jeraha, humfanya mnyama aepuke, alinde palipoumia. Huo ndio uamilifu, na mtu anaweza kuushika akabaki myakinifu. Fikiria nauli ya daladala: noti, sarafu au muamala wa simu, vyote ni nauli, wala hakuna malighafi moja inayoviunganisha. Hata hivyo kila malipo, moja moja, yamefanyika kwa kitu cha kimaumbile.

Vitabu vingi vya kiada huishia hapo, na mimi naona vinaishia mapema mno. Mwaka 2021 mtafiti Robyn Crook wa Marekani alichapisha jaribio lake: pweza waliodungwa asidi kwenye mnyiri walikikwepa chumba walichokuwa wamekipenda awali, wakawa wanapachokoa kwa mdomo pale palipodungwa. Walipotiwa lidokaini, dawa ya ganzi, mambo yakageuka. Chumba walichopatia nafuu ndicho walichokipendelea. Ni ushahidi mzito kwamba wanaumia. Lakini itazame hiyo dawa. Ni ileile anayokudunga daktari wa meno, nayo hufanya kazi kwa kuziba njia za sodiamu kwenye neva, ishara ya maumivu isipite. Yaani tofauti kati yetu na pweza ni kubwa katika mpangilio, ila si kubwa hivyo katika kile ambacho neva zenyewe hufanya. Mfuasi wa Smart anaweza kujibu kwamba aina anayoitafuta ni pana kuliko ubongo wa binadamu, na pweza yumo ndani yake.

Kwa hiyo katika insha yako usimtegemee pweza peke yake. Anayetaka kulimaliza tawi hilo alete kiumbe kisicho na neva kabisa, tuseme mashine ya silikoni, kisha athibitishe kwamba kinaumia. Huko lidokaini haitamsaidia.